Kwa mnaokuja Lamu kufanya kazi ya kasa

Mkifika kituoni, kabla hamjauliza habari za umeme na mtandao, ulizeni ratiba ya maji. Kasa hupenda kupanda ufukweni usiku maji yakiwa yamejaa, na bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, ikipanda hufuta alama zote za chini. Doria ya alfajiri iwe imeanza kabla jua halijachomoza.

Mkikuta njia, yaani alama aliyoiacha kasa mchangani, pimeni upana wake. Ya kasa wa kijani hukaribia mita 1, makono yote mawili yakipiga kwa pamoja. Ya ng'amba, kasa mwingine mdogo zaidi, ni nyembamba, kama sentimita 75, na makono hupishana. Mkishaandika, ikateni njia kwa mstari wa mguu, doria ya kesho isije ikaihesabu tena.

Mayai ndiyo huharibika zaidi mikononi mwa wageni. Kiota kilicho chini ya alama ya bamvua huhamishwa, na kazi hiyo ifanywe ndani ya saa 2 tangu kutagwa. Zikipita saa 6, msiguse. Kiinitete hupanda juu ndani ya yai na kujishikiza kwenye utando wa ganda. Yai likigeuzwa baada ya hapo, kinakufa. Nje halionyeshi kitu, na mtajua baada ya siku kama 60, kiota kisipotoa makinda. Ndiyo maana mvuvi akipiga simu usiku kwamba kasa amepanda, nendeni usiku huohuo, na mwandike saa aliyomwona akitaga. Bila saa hiyo kiota kibaki kilipo, hata kama mnakihofia.

Tafuteni mayai kwa vidole, kamwe si kwa fimbo. Yai lililotoboka huoza, likaita chungu na kaa kwa mengine yote, nayo ni 100 na zaidi. Yabebeni kwa ndoo yenye mchanga wa kiota chenyewe, bila kuyatikisa. Shimo jipya liwe na kina kilekile mlichopima, umbo la mtungi: shingo nyembamba, tumbo pana. Wala msivipeleke viota vyote kivulini. Mchanga wa takriban nyuzi 29 hutoa madume na majike; ukipoa madume huzidi, ukipata joto majike huzidi.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) na ruhusa ya KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya) viwe mkononi kabla ya safari.

Makinda yakishatoka, subirini siku 3 ndipo mfukue. Hesabuni maganda yaliyozidi nusu tu; vipande vidogo mkivihesabu, kiota kitaonekana kimeangua mayai mengi kuliko yaliyotagwa.