Daftari la foleni lilikuwa na mwenyewe

Mhariri, mmeuliza kama taasisi za jamii huzaliwa kwa mipango au huota zenyewe. Nilipoanza kuandika nilikuwa upande wa Adam Ferguson, mwanafalsafa wa Uskoti aliyeandika mwaka 1767 kwamba taasisi hutokana na matendo ya binadamu bila kuwa zimekusudiwa na yeyote. Wafaransa wa mapinduzi walipoleta kalenda yenye juma la siku 10 mwaka 1793, walipanga kila kitu kwa hesabu safi, lakini mapumziko yakawa siku moja kati ya 10 badala ya moja kati ya saba. Kalenda hiyo ilikoma kutumika rasmi tarehe 1 Januari 1806.

Hata hivyo, ninayoyafikiria zaidi ni yale niliyoyashuhudia mwenyewe nilipokuwa nikimuuguza mama yangu. Kliniki tuliyohudhuria ilifunguliwa asubuhi ilhali wagonjwa walianza kufika alfajiri, na mlango ulipofunguliwa mwenye nguvu ndiye aliyetangulia. Siku moja mama mmoja wa makamo akatoa daftari, akaandika majina kwa kadiri watu walivyofika, kisha akayasoma kwa sauti. Hakuwa mfanyakazi wa pale wala hakutumwa na mtu. Tuliporudi safari nyingine yeye hakuwapo, lakini mgonjwa mwingine alikuwa ameshika kalamu. Polepole yakaongezeka mambo ambayo yule mama hakuyaagiza: aliyefika wa kwanza ndiye mwandishi, anayetoka kidogo humwarifu jirani yake, aliyezidiwa na mwenye mtoto mchanga hupishwa bila mjadala. Baadaye uongozi ukaleta mashine ya namba. Mashine haikumpendelea mtu, ila haikumtambua aliyezidiwa, na wale wale waliokuwa wakipishana kwa hiari wakaanza kushikilia namba zao. Malalamiko yalipozidi, likabandikwa tangazo kwamba waliozidiwa na wenye watoto wachanga wahudumiwe kwanza. Yaani uongozi uliandika kama kanuni kile ambacho wagonjwa walikuwa wakikitenda tangu awali.

Hapo ningemaliza kwa kumpa Ferguson ushindi, lakini yule mama ananizuia. Daftari halikuota. Aliona dhuluma, akafikiri, akaja amejiandaa, na alistahili kuitwa mpangaji sawa na uongozi ulionunua mashine. Ninashuku kwamba mara nyingi tukisema utaratibu umeota wenyewe, huwa tumemsahau tu aliyeubuni.

Kwa hiyo nasema taasisi hupangwa, ila hupangwa na wengi na kwa vipande vidogo, na swali ambalo ningependa muulize ni nani anaruhusiwa kuzirekebisha baada ya kuanza. Sisemi hivyo kuhusu lugha, ambayo sioni mtu wa kumtaja kuwa ndiye aliyeianzisha. Wala sisemi hivyo kuhusu barabara. Waswidi wengi walikataa katika kura ya maoni ya mwaka 1955 kuendesha magari upande wa kulia, lakini tarehe 3 Septemba 1967 nchi nzima ilihamia kulia kwa sheria, na utaratibu huo umedumu. Kwa jambo la namna hiyo, ambalo nusu ya watu wakilifuata na nusu wakiliacha ni maafa, ningekubali mpango wa serikali bila kungoja mazoea.