Fujo za darasani zina saa zake

Ingia shule ya msingi yoyote mkoani Kigoma, iwe Kakonko, Kasulu au Uvinza, hutakosa karatasi ya wapiga kelele. Mwalimu akitoka kidogo, kiranja anashika kalamu. Akirudi, anakabidhiwa majina. Zikusanye karatasi hizo kwa mwezi mzima na utakuta majina yaleyale sita au saba katika darasa la watoto 90, na wengi wetu tunaishia hapo: hawa ndio watukutu wa darasa. Kumbe karatasi ile imekosa kitu kikubwa kuliko majina, nacho ni saa. Haisemi kelele zilianza saa ngapi wala zilitanguliwa na nini. Wakati mwingine haisemi lolote zaidi ya nani aligombana na kiranja asubuhi.

Mwalimu anayetaka kujua chanzo atafute daftari la kawaida la kurasa 40 na agawe ukurasa sehemu tano: siku na saa, kipindi na kazi iliyokuwa ikifanyika, kilichotangulia, alichofanya mtoto, kilichofuata. Chagua mtoto mmoja, wakizidi sana wawili. Ukiwaandika saba utachoka siku ya pili. Katika sehemu ya nne andika kitendo tu: "alimsukuma jirani kwa kiwiko, akasimama, akacheka." Usiandike "mkorofi" wala "hana adabu", maana hayo ni maoni, na maoni hayakuonyeshi njia. Huwezi kufundisha huku unaandika, kwa hiyo weka maharage mfuko wa kulia na kila tukio likitokea hamishia punje moja mfuko wa kushoto. Kipindi kikiisha, hesabu punje, ukumbuke, uandike. Fanya hivyo siku 10 za masomo. Shule za kando ya Ziwa Tanganyika zifike wiki nne, na sababu yake inahusu mwezi wa angani.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi vizuri kukiwa na giza. Mbalamwezi ikishika, mitumbwi mingi inapumzika. Kwa hiyo kuna wiki ambazo watoto wa Kibirizi, Katonga na vijiji vya mwambao wanaamka alfajiri kupokea samaki na kuanika dagaa kabla ya kengele, na kuna wiki wanalala hadi kunakucha. Mtoto akiwa mkali, analia upesi na kusinzia vipindi viwili vya kwanza, kisha wiki mbili baadaye akawa mtulivu, usiseme amejirekebisha wala usijisifu kwa adhabu uliyompa. Angalia kalenda yenye alama za mwezi uone kama tarehe zinaoana. Zikioana, kazi yako ni kuzungumza na nyumbani juu ya saa za kulala, na wiki za giza kumpangia kazi ngumu kuanzia kipindi cha tatu.

Saa nyingine ya kuitazama ni saa nne hadi saa sita mchana. Kama punje za maharage zinarundikana hapo kila siku bila kujali somo, hiyo ni njaa mpaka ithibitike vinginevyo. Muulize taratibu alikula nini jana usiku na asubuhi hii. Shule yenye uji iutoe mapema zaidi badala ya kuongeza mapumziko.

Ikiwa fujo zinafuata somo badala ya saa, tazama kazi yenyewe. Mfano unaojirudia mno ni kusoma kwa zamu. Darasa la Tano, kitabu kinapita dawati kwa dawati, kila mmoja anasoma aya moja kwa sauti. Mtoto asiyejua kusoma anahesabu madawati kuliko anavyosikiliza. Zamu ikibaki madawati mawili imfikie, anamkanyaga jirani au anaangusha kitu, au anatoa sauti ya mbuzi. Darasa linacheka, mwalimu anakasirika na kumtoa nje, na zamu inampita. Jana alitolewa, leo ametolewa, na adhabu imemfanyia alichokuwa anakitafuta. Ukiangalia daftari lako, sehemu ya tatu itakuwa na maneno yaleyale, "zamu ilikaribia", na sehemu ya tano maneno yaleyale, "nilimtoa nje". Ukiona sehemu hizo mbili zinajirudia namna hiyo, chanzo umekishika.

Mpime peke yake, mbali na wenzake. Chukua kitabu cha Darasa la Pili, mpe dakika moja asome. Akikwama kwenye silabi kama "mwa", "ng'o" na "sha", umeshajua. Kwa wiki tatu usimsimamishe kusoma hadharani. Mwonyeshe leo mistari miwili atakayosoma kesho, aifanyie mazoezi na mwenzake anayeaminika, na kila siku mpe dakika 15 za silabi wakati wa mapumziko. Katika hesabu, kama wenzake wana maswali 10, yeye mpe matatu, na akiyamaliza mwongezee mawili. Walimu wengine huona huko ni kumdekeza. Sivyo: maswali matatu yaliyofanywa ni mengi kuliko 10 yaliyoachwa.

Hapa pana mtego unaowaangusha wengi. Mtoto aliyezoea kuchekesha darasa, ukiacha kumjibu, wiki ya kwanza ataongeza fujo. Anajaribu mlango uliokuwa ukifunguka. Haufunguki, anausukuma zaidi. Wengi huacha mbinu siku ya tatu au ya nne, na hapo wamemfundisha kwamba akizidisha anashinda. Ukianza, jipe siku 10, na mtaje kwa jina anapofanya kazi hata kwa dakika tano. Kumpuuza bila kumpa nafasi nyingine ya kuonekana hakusaidii. Na fujo inayoumiza mtu haipuuzwi kamwe.

Kama fujo zinafuata kiti, tatizo liko dawatini au mwilini. Dawati la watoto watatu likikaliwa na watano, ugomvi wa viwiko ni wa lazima. Kuna jambo dogo linalosahaulika: mtoto anayeandika kwa mkono wa kushoto, akikaa kulia kwa anayeandika kwa mkono wa kulia, viwiko vyao vinagongana kila mstari. Kila mmoja anaapa mwenzake kaanza, na wote wanasema kweli. Mwenye mkono wa kushoto akae mwisho wa kushoto wa dawati. Inachukua nusu dakika na inamaliza kesi ya muhula mzima.

Sikio pia lipimwe. Simama nyuma ya mtoto, umbali wa mkono ulionyooshwa, azibe sikio moja, umnong'oneze namba tatu, mfano saba, mbili, tano, naye azirudie. Badilisha namba, rudia upande wa pili. Akishindwa mara mbili upande mmoja, apelekwe zahanati au kituo cha afya, na sikio linalotoa usaha lisitiwe mafuta wala dawa za kienyeji. Macho nayo: anayesimama kila mara kuchungulia daftari la jirani huenda haoni ubao. Mhamishie mbele kwa siku tano, hesabu punje tena.

Yupo na anayeonekana kudharau: katikati ya sentensi anaduwaa sekunde chache, kope zikichezacheza, haitiki akiitwa, kisha anaendelea bila kujua mlipofika. Hiyo inaweza kuwa aina ya kifafa isiyoangusha mtu. Andika inatokea mara ngapi kwa siku na mwambie mzazi ampeleke mtoto kwa daktari na daftari hilo mkononi. Malaria, minyoo na kichocho cha ziwani navyo huacha mtoto mchovu asiyetulia, ila hayo zahanati ndiyo itakayosema.

Darasa la Kwanza lina mambo yake. Mtoto wa kijijini Buhigwe anaweza kuja Januari akiwa anajua Kiha tu, na mwalimu anatoa maagizo matatu kwa pumzi moja: "Toeni madaftari, andikeni tarehe, nyamazeni." Anatazama wenzake, anachelewa, anazurura. Toa agizo moja, lionyeshe kwa mkono, subiri, ndipo utoe la pili. Ukimsalimia "Mwakeye" mlangoni, hutaharibu Kiswahili chake. Kumwadhibu kwa kuongea Kiha kunamfundisha kunyamaza, na mtoto aliyenyamazishwa kinywa hutumia mikono.

Kuhusu fimbo, kanuni za elimu za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Lakini hata ndani ya kanuni, fimbo ina kasoro moja kwa anayetafuta chanzo: inafuta ushahidi. Mtoto anahamishia fujo kwenye kipindi cha mwalimu mwingine, na daftari lako linabaki jeupe.

Wito kwa mzazi nao huharibika mapema, kwa sababu barua ya shule inasomwa kama samansi. Mara nyingi atakayekuja ni bibi, baba akiwa ziwani au amekwenda kutafuta mikoani. Anza na "Shikamoo bibi", mpe kiti, na usifungue na makosa. Uliza mambo matatu: analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, anafanya kazi gani kabla ya kuja shule. Bibi akisema, "Mwalimu, wiki za giza hizi anatoka na mama yake saa kumi za usiku kwenda mwaloni kupokea dagaa," umepata mengi kuliko ambayo ungeyapata kwa kumuuliza kwa nini mjukuu wake hana nidhamu. Swali hilo la mwisho lina jibu moja tu, "Mchape mwalimu," na mkutano umekwisha.

Mabadiliko ya ghafla yasisubiri siku 10. Mtoto aliyekuwa mtulivu akianza kupigana, kukojoa nguo, kuogopa kurudi nyumbani au kushtuka akiguswa, mwalimu wa malezi amwone siku hiyohiyo, faraghani lakini mahali panapoonekana. Asiahidi siri asiyoweza kuitunza, wala asimhoji mara tatu. Kukiwa na dalili za ukatili, taarifa iende kwa ofisa ustawi wa jamii au serikali ya kijiji, kama Sheria ya Mtoto ya 2009 inavyotaka kwa kila mwanajamii, au ipigwe simu 116, ambayo ni bure.

Daftari lako lisifie kabatini mwaka ukiisha. Januari mtoto anapanda darasa na mwalimu mpya anaanza upya na karatasi ya kiranja. Mwandikie mistari mitatu: anakaa wapi vizuri, saa gani humshinda, nini kilimtuliza. Jina la utani alilopewa na wenzake liache nje ya mistari hiyo.