Mvuke tunao na upepo tunao, mbona umeme ni ghali?

SWALI: Mhariri, tunaambiwa kila mara kwamba sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua. Mimi nina kibanda chenye cherehani moja na pasi, na tokeni ya umeme ya shilingi 500 huniishia kabla ya juma kwisha. Ikiwa mvuke na upepo havinunuliwi, tunalipia nini? Je, kampuni nyingine mbali na Kenya Power ikiruhusiwa kusambaza umeme, bei itashuka?
Mshonaji, Mombasa

JIBU: Ndugu mshonaji, upepo haununuliwi, lakini mtambo wa kuunasa na waya wa kuufikisha kibandani kwako hununuliwa, mara nyingi kwa mkopo wa dola au yuro, ndiyo maana shilingi ikidhoofika unalipa zaidi hata kama mvua imenyesha na mabwawa yamejaa.

Tazama Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, katika kaunti ya Marsabit. Mitambo 365 ya upepo, yenye uwezo wa megawati 310, ilikuwa imejengwa yote kufikia mwaka 2017, ilhali njia ya kusafirisha umeme hadi kituo cha Suswa, kaunti ya Narok, ya zaidi ya kilomita 400, ilianza kazi Septemba 2018. Kwa kuwa mkataba uliahidi kwamba njia ingekuwa tayari, serikali ililazimika kulipa fidia kwa umeme ambao haukumfikia mtu yeyote. Kwangu mimi huo ndio ugonjwa wenyewe: tumeongeza mitambo haraka kuliko nyaya, na mikataba tumeiandika kana kwamba mteja hachoki kulipa.

Mageuzi ya sekta ya umeme ya miaka ya 1990 yaliutenga uzalishaji na usambazaji, yakafungua mlango kwa wazalishaji binafsi. Wengi wao walipewa mikataba inayowalipa kwa kuwa na mtambo ulio tayari, uzalishe usizalishe. Mwaka 2021 serikali iliunda jopo la kuichunguza mikataba hiyo, hatua ambayo naiona ilichelewa mno.

Jambo jingine ni saa. Usiku wa manane, watu wakiwa wamelala, upepo wa Turkana huvuma kwa nguvu na mvuke wa Olkaria, kwenye visima vya jotoardhi, huachiliwa hewani kwa kukosa mtumiaji. Jioni, taa na televisheni zinapowashwa kwa pamoja na jua limekwisha kuzama, mitambo ya mafuta huingia kazini. Betri za kuhifadhi umeme, pamoja na bei nafuu ya usiku kwa viwanda, zingeokoa mengi.

Kuhusu kampuni nyingine, Sheria ya Kawi ya 2019 tayari inaruhusu wasambazaji zaidi. Lakini msambazaji mpya akinunua umeme kwa mikataba ileile na kuupitisha kwenye nyaya zilezile zinazoupoteza njiani, sioni atakupunguzia nini.

Ujumbe wa tokeni unaoletewa kwenye simu hutenga bei ya umeme na malipo mengine. Ndani ya hayo mengine mna ushuru wa VAT wa asilimia 16, tozo ya kusambaza umeme vijijini, gharama ya mafuta inayobadilika kila mwezi na marekebisho ya fedha za kigeni. Mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, hupokea maoni ya wananchi kabla ya kubadilisha bei ya msingi. Nenda na jumbe zako za miezi mitatu, uwaulize mbele ya watu ni kiasi gani katika shilingi zako 500 kinalipia mitambo iliyokaa bila kuzalisha.