Swali la lugha: Kisu kimefungwa, au kimekunjwa?

SWALI: Ninaandaa maelezo mafupi kwa mtu anayetaka kununua kisu chake cha kwanza cha kukunja, kizuri, cha kuwa nacho kila siku. Kichwa nimekiandika hivi: "Namna ya kuchagua kisu bora cha kwanza cha kukunja kwa kubeba kila siku." Mwenzangu anasema neno sahihi ni kisu cha mfukoni. Halafu ile sehemu ya chuma inayokata niiite makali, bapa au bledi? Mwisho niliandika, "Hakikisha kisu kimefungwa kabla ya kukitumia," naye akaniuliza ni nani anayekata kitu kwa kisu kilichofungwa. Rasimu yangu nimeiambatisha. Je, nimekosea wapi?

JIBU: Nitaanza na sentensi yako ya mwisho, maana hiyo ndiyo inayoweza kumkata mtu vidole.

Kitenzi kufunga kina maana mbili zinazokaa pamoja bila kugombana tunapozungumzia mlango. Kuna kuurudisha mlango mahali pake, na kuna kuukaza kwa ufunguo au komeo usifunguke. Kwa mlango, la pili hufuata la kwanza: huwezi kuukaza kabla hujaurudisha. Kwa kisu cha kukunja mambo ni kinyume. Loki yake hufanya kazi kisu kikiwa wazi; huishika sehemu ya chuma isirudi ndani na kubana vidole vya anayekata. Kwa hiyo "kisu kimefungwa" msomaji mmoja ataelewa kwamba kimekunjwa na kutiwa mfukoni, na mwingine ataelewa kwamba kimekunjuliwa na loki imeshika. Wote wawili wamesoma Kiswahili sanifu. Wewe ulikusudia maana ya pili, mwenzako akasoma ya kwanza, na sioni namna ya kumlaumu.

Ushauri wangu ni kuacha kabisa kufunga na kufungua katika maelezo ya kisu cha aina hii. Tumia jozi mbili tofauti. Ya kwanza ni kukunja na kukunjua, kwa ajili ya mwendo wa chuma kuingia na kutoka kwenye mpini. Ya pili ni ya loki. Hapo watu wengi husema tu "loki imeshika" na "achia loki", nami naona yanatosha: loki ni neno ambalo limekwisha kukaa katika Kiswahili cha milango na magari, na kila mtu analielewa. Ukipenda neno la siku nyingi, lipo komeo, pamoja na vitenzi vyake kukomea na kukomoa. Kifungio nisingekitumia, kwa kuwa kinaturudisha kwenye utata uleule tunaoukimbia, na kufuli ni kitu kingine, kile kinachoning'inia mlangoni.

Sentensi yako basi iwe: "Kikunjue kisu mpaka usikie loki imeshika, ndipo uanze kukata." Na ya kurudisha: "Achia loki, ondoa vidole njiani, kisha kikunje." Hapo hakuna wa kuuliza kitu.

Jambo hili lina uzito hata nje ya sarufi, kwa sababu si kila kisu cha kukunja kina loki. Visu vidogo vingi vya Victorinox, kampuni ya Uswisi iliyosajili kisu chake mashuhuri cha maofisa mwaka 1897, hushikwa na springi ya mgongoni tu: ukikisukuma kwa nguvu kutoka upande wa mgongo, kinajikunja. Opinel ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1890, nayo haikuwa na loki kwa miongo mingi. Pete ya kuzungusha inayozuia chuma kujikunja iliongezwa mwaka 1955. Buck 110 ya Marekani, iliyotoka katika miaka ya 1960, ina loki ya mgongoni: unaibonyeza nyuma ya mpini ili kuiachia. Na siku hizi vipo visu vingi ambavyo bamba jembamba la ndani ya mpini hujisogeza lenyewe nyuma ya chuma kinapokunjuka, nawe hulisukuma kando kwa dole gumba ukitaka kukikunja. Mnunuzi wa kwanza anahitaji kujua anashika kipi kati ya hivyo. Kwa hiyo andika waziwazi: kisu cha springi tupu, kisu chenye loki ya pete, cha loki ya mgongoni, cha loki ya bamba. Maelezo ya namna hiyo yanamfaa zaidi kuliko jina la kigeni lililovalishwa irabu.

Sasa tuje kwenye makali, bapa na bledi.

Makali ni ukingo unaokata, basi. Ni mstari mwembamba, si kipande kizima cha chuma. Bapa, ambalo wengine huliita ubapa, ni ule upana, sehemu iliyo laini ubavuni. Ndiyo maana mtu aliyepigwa kwa bapa la upanga hakukatwa. Kwa kipande kizima, kuanzia ncha hadi kinapoingia kwenye mpini, Kiswahili kina neno ambalo limeachwa bure: kengee. Limo katika kamusi, linatamkika vizuri, na lina kazi ya kufanya. Kengee ya kisu ina ncha mbele, mgongo juu, makali chini, mabapa ubavuni, na kwa nyuma kuna msuka, yaani ule mkia unaoingia kwenye mpini. Katika kisu cha kukunja msuka ni mfupi na umetobolewa, na kengee nzima huzunguka kwenye mhimili unaopita katika tundu hilo. Bledi sitaipiga marufuku, ila sioni inatupa nini ambacho kengee haitupi. Ukiona wasomaji wako hawalijui neno hilo, lieleze mara moja mwanzoni, kisha liache lifanye kazi.

Kuna anayeweza kudhani huu ni uchambuzi wa kupita kiasi. Hebu tazama sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 kuhusu kubeba visu hadharani. Inaruhusu mtu kuwa na kisu cha mfukoni cha kukunja bila kulazimika kutoa sababu, ilimradi makali yake yasizidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Kinachopimwa ni makali ya kengee. Katika visu vingi makali hayaanzii pale kengee inapotokea kwenye mpini. Huachwa sehemu fupi isiyonolewa. Urefu wa kengee na urefu wa makali ni vipimo viwili. Mtu akikuandikia "makali ya sentimita 8" huku akimaanisha kengee, amekupa kipimo kisicho sahihi kuhusu jambo ambalo polisi wanaweza kulijali. Tena mahakama za huko zilitafsiri kwamba kisu ambacho loki yake imeshika hakihesabiwi kuwa cha kukunja, kwa kuwa hakiwezi kukunjwa papo hapo bila kwanza kuiachia loki. Kila nchi ina sheria yake, na msomaji wako aangalie ya kwake kabla hajalipa. Nawe mpe maneno yatakayomwezesha kuielewa.

Kuhusu jina, kisu cha kukunja au kisu cha mfukoni, nyote wawili mko sawa, ila kila jina linaeleza jambo lake. La kwanza linaeleza umbo na mwendo wake, la pili linaeleza mahali kinapokaa. Vipo visu vya kukunja vikubwa na vizito ambavyo mfukoni havikai vizuri hata kidogo. Mimi ningesema kisu cha mfukoni katika kichwa cha habari, kwa sababu ndicho anachokitafuta mtu, na kisu cha kukunja pale ninapoeleza kinavyofanya kazi. Wapo wanaotilia shaka "cha kukunja" wakidai kwamba kisu hakikunji kitu. Shaka hiyo haina msingi. Tunasema kiti cha kukunja na meza ya kukunja, na kiti hakikunji kitu chochote. Kinyambuo cha -ia ndicho kinacholeta maana ya chombo: kisu cha kukatia kamba, jiwe la kunolea. "Kisu cha kukunjia" kingekuwa kisu cha kukunja vitu vingine, na sijui ni kipi hicho.

Kichwa chako kina matatizo mengine mawili. "Kwa kubeba" si Kiswahili kilichotulia. Kihusishi cha kusudi baada ya nomino ni -a: kisu cha kubeba. Lakini hata kubeba kwenyewe, ingawa leo hutumika kwa kila kitu, bado kunanukia mzigo. Na "kutembea na kisu" kunamfanya mtu aonekane anatafuta ugomvi. Sema kisu cha matumizi ya kila siku, au kisu cha kuwa nacho, kama ulivyoandika mwenyewe mwanzoni mwa swali lako. Pili, bora hubeba maana ya kizuri na vilevile ya kizuri kuliko vyote, na msomaji hajui umemwahidi ipi. Kwa ununuzi wa kwanza hakuna kisu kinachovishinda vyote. Kichwa ningekiandika hivi: "Kuchagua kisu chako cha kwanza cha mfukoni." Uzuri wake utajieleza ndani.

Ndani humo utahitaji maneno ya ubora, na hapo kuna tofauti moja ambayo Kiswahili cha kila siku huiziba. Tunasema chuma kigumu tukimaanisha mambo mawili. Chuma kinaweza kuwa kigumu kwa maana kwamba makali yake hayapindi wala hayaishi upesi. Kinaweza pia kuwa imara kwa maana kwamba hakimeguki kikipigwa au kikipindwa. Mara nyingi ukizidisha la kwanza unapunguza la pili. Kisu cha Victorinox kina ugumu wa takribani 56 kwa kipimo cha Rockwell. Vipo vyuma vya bei kubwa vinavyopita 60. Hivyo vya juu hudumu na makali yake muda mrefu, ila vikisenea kuvinoa ni kazi, na ukivitumia kufungulia makopo vinaweza kumeguka ukingoni. Kwa anayeanza, chuma cha wastani ambacho atajifunza kukinoa mwenyewe kina faida kubwa zaidi. Basi andika "hakipindi upesi" au "hakimeguki upesi" kulingana na unachokusudia, na neno kigumu pekee liache.

Vivyo hivyo kuhusu kutu. Chuma cha kisu huitwa pua, na kilicho bora sana wazee walikiita feleji. Siku hizi "chuma cha pua" kimeelekea kumaanisha kile kisichoshika kutu, ambacho huwa na kromi isiyopungua asilimia 10.5 hivi. Ila pua ya kaboni nayo ni pua: hunoleka kwa urahisi, hukata vizuri, na hushika kutu ukiiacha na unyevu. Usiandike "chuma cha pua" ukadhani umemaliza. Andika pua inayoshika kutu, au pua isiyoshika kutu upesi. Hilo "upesi" lina maana yake, kwani hata hiyo ya pili hushika kutu ikitelekezwa.

Nimeona pia katika rasimu yako "kisu chenye ukali" na "kuchonga kisu kikiisha makali". Kisu kikali ni Kiswahili safi. -Kali halimhusu mbwa peke yake, linahusu jua, dawa na siki pia. Lakini nomino yake kwa kisu ni makali. Ukali ni wa mtu, au wa jua. Kisu kilichopoteza makali ni butu, na kitendo chake ni kusenea: kisu kimesenea. Kukirudishia makali ni kukinoa au kukitia makali, kwa kinoo au jiwe la kunolea. Kuchonga ni kuondoa sehemu ya mti ili kuupa umbo. Kisu ndicho kinachochonga. Tupa nayo itaje kwa tahadhari: inakula chuma haraka, inafaa panga na jembe, na inaweza kuiharibu kengee nyembamba ya kisu cha mfukoni kwa dakika chache. Mnunuzi mwambie anoe kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kila upande, na asiibadilishe pembe hiyo katikati ya kazi.

Neno jingine la mafundi ambalo nakuomba ulitumie ni kucheza. Kengee ikikunjuliwa na loki kushika, ishike katikati ya vidole uitikise kushoto na kulia, kisha juu na chini. Ikitikisika, inacheza. Wakati mwingine ni parafujo la mhimili limelegea tu na hukazwa. Ikiendelea kucheza juu na chini baada ya hapo, loki haishiki ipasavyo na kisu hicho kirudishwe. Sentensi "kengee isicheze" ina maneno mawili, na inamfaa mnunuzi kuliko aya nzima ya sifa.

Umeuliza pia, kwa mwandiko mdogo pembeni, kama kisu kidogo ni "kikisu". Hapana. Mzizi ni -su, na ki- ya kisu ni kiambishi cha ngeli. Kikubwa ni jisu, majisu. Kidogo ni kijisu, vijisu. Lakini kisu cha mfukoni hakihitaji kudunishwa hivyo. Kijisu kina harufu ya dharau, na unayemwandikia anataka kununua kitu anachokiheshimu. Mwache anunue kisu.