Kabla ya Kuuliza Alama, Uliza Kuhusu Ushauri Nasaha

Wazazi wengi tunaoishi Nairobi tuna watoto wanaosomea mashambani, wengine mabwenini, wengine wakilelewa na nyanya zao, na tunapokutana na walimu wao huwa tunauliza kuhusu alama na karo pekee. Kabla ya kuhamia huku nilifundisha katika shule moja ya kutwa katika kaunti ya Kitui, nikiwa pia mwalimu wa ushauri nasaha, na yapo maswali ambayo nilitamani mzazi aniulize.

Ni nani anayetoa ushauri, na je, ndiye huyo huyo anayeadhibu? Mara nyingi kazi hii hukabidhiwa mwalimu ambaye tayari ana vipindi vyake tele, pengine hata msimamizi wa nidhamu, na kijana hawezi kumfungulia moyo mtu aliyemfyekesha nyasi jana. Mahali pia pana uzito wake. Chumba chetu kilipakana na ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, hivyo aliyeketi kwenye benchi la nje alidhaniwa ana kesi. Tulipohamia chini ya mwembe nyuma ya maktaba, mwanafunzi akiwa na daftari mkononi kana kwamba anasahihishiwa hesabu, walianza kuja bila kuitwa.

Hawakuja wakisema wana huzuni. Walisema kichwa kinauma, tumbo linasokota, usingizi hauji. Msichana mmoja aliomba dawa ya kichwa kila aliporejea baada ya kufukuzwa karo, na ilichukua muda kabla hajasema kwamba kilichomuumiza ni kusomewa jina lake gwarideni. Mzazi akisikia malalamiko ya namna hii yakijirudia kwenye simu, asikimbilie kudhani mtoto anakwepa masomo.

Utaambiwa kwamba shule haina uwezo wa kumlipa mwanasaikolojia. Ni kweli, ila si lazima ianzie hapo. Utafiti kuhusu Shamiri, mpango wa kuwasaidia vijana wenye huzuni na wasiwasi, uliochapishwa mwaka 2021, ulihusisha wanafunzi 413 wa sekondari humu nchini. Waliokutana katika vikundi saa moja kwa wiki, kwa wiki nne, wakiongozwa na vijana waliotoka shuleni juzijuzi tu, walipungukiwa na dalili za sonona na wasiwasi kuliko wenzao waliofunzwa mbinu za kusoma. Jambo kama hilo kamati ya wazazi inaweza kulijadili. Hata hivyo, mtoto anayezungumzia kujiua hatoshelezwi na kikundi. Asiachwe peke yake, na afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Nambari ya simu ya msaada kwa watoto ni 116, nayo hailipishwi. Kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, uliza ni simu ya nani mtoto anaweza kutumia bila kuhojiwa kwanza, kisha umwachie nyanya yake nambari hiyo.