Jibu: Mwanafunzi mgeni katika nyumba ya pamoja, mtaa wa Mkomani, Lamu

Waalaikum salaam, dada. Umeuliza namna mwanafunzi kutoka Ujerumani, anayekuja Lamu kujifunza Kiswahili kwa miezi sita, atakavyozoea nyumba yenu yenye wapangaji wanne wanaotumia jiko na choo kimoja. Nimekaa na wageni wa namna hiyo mara tatu, na kilichotuletea ugomvi mapema kuliko vyote ni maji.

Kama ujuavyo, katika nyumba zetu za kale maji ya kuogea hukaa kwenye birika la chokaa, yaani tangi la maji la kujengwa, na ndani yake hufugwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Mpangaji mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, aliingia humo na sabuni yake akidhani ndipo pa kuogea. Asubuhi tukawakuta samaki wote wanaelea, ikatubidi kumwaga birika zima, na mfereji, yaani bomba la maji, ulikuwa umekauka tangu juzi yake. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hata hajafungua mizigo, mshikishe kata umwonyeshe jinsi ya kuteka na kujimwagia kando.

Fedha za gesi na umeme zikusanyeni mwanzo wa mwezi.

Mweleze pia kwamba rafiki zake wa kiume huishia kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, mpaka wenyeji wa ndani waarifiwe, kwani hiyo ni sitara ya wanawake wa nyumba, nami naliona jambo zito. Mkipakua wali jioni, mwiteni kwenye sinia, asile peke yake chumbani.