Mtoto ana aleji kali ya karanga? Sindano iwe karibu

Mwanangu ana aleji kali ya karanga, na hapa Dar es Salaam karanga ziko kila mahali: kwenye mchicha, kwenye kisamvu, kashata za nje ya geti la shule, hata unga wa lishe. Kuuliza mpishi nimeshazoea. Lakini ipo siku itapenya tu, na siku hiyo dawa ni adrenalini, ichomwe mapema kwenye msuli wa paja, upande wa nje.

Nasisitiza kwa sababu wengi hukimbilia Piriton. Piriton hutuliza muwasho na vipele. Haifungui koo lililovimba wala haipandishi presha iliyoshuka. Maziwa ndiyo kabisa, mtoto anayehangaika kupumua anaweza kupaliwa. Akishakula kitu kisha akaanza kukohoa mfululizo, sauti ikakwama, kifua kikabana au akalegea ghafla, usisubiri vipele vitokee. Wakati mwingine havitoki.

Kalamu za adrenalini zinazofyatuka zenyewe ni adimu kwetu, na bei yake ni kubwa. Mimi nina ampuli, yaani kichupa kidogo cha dawa, na bomba la sindano. Daktari aliandika dozi kwa uzito, miligramu 0.01 kwa kila kilo, kwa hiyo mtoto wa kilo 15 hupata miligramu 0.15. Ampuli yangu ina miligramu 1 ndani ya mililita 1, maana yake sehemu kubwa inabaki! Hapo ndipo pa hatari, usikadirie mwenyewe. Bomba langu lina alama ya daktari, na nilijifunza kuvuta kwa maji mbele ya muuguzi. Uzito ukiongezeka, dozi ipangwe upya. Kifuko kina dozi mbili, hakikai juani, garini wala kwenye friji, na tarehe ya kuisha dawa naikagua.

Nimewafundisha dada wa nyumbani, mwalimu wake na bibi yake. Bibi ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko wote: “Tukishamchoma, tumbebe tukimbie?” Hapana, mama. Alazwe chali, miguu iinuliwe. Kama anapumua kwa shida, akae. Asisimamishwe wala kutembezwa, presha inaweza kuanguka. Mwingine atafute gari. Dakika 5 zikipita bila nafuu, dozi ya pili. Hospitali ataenda hata akiwa anacheka, kwa kuwa hali inaweza kurudi saa kadhaa baadaye, na daktari aambiwe alichomwa saa ngapi.